Silensa

Nilimpa Olha Pankiw dola mia tisa, noti zimekunjwa,
naye akanipa ufunguo uliofungwa uzi mwekundu wa sufu.
"Ina mambo yake," alisema,
kama mtu anayekuoza binti na kukuficha nusu ya habari.

Pikapu ya mwaka themanini na nne, rangi ya maziwa yaliyochacha,
kilomita ambazo mita ilichoka kuzihesabu.
Hapa Kamsack, ngano ikishavunwa,
baridi huingia bila kupiga hodi
na chuma chochote chenye siri huitapika.

Ikienda, ilikuwa nzima.
Kusimama ndiko kulikoiumiza.
Kwenye taa pekee ya mji ilianza kutetemeka,
boneti ikicheza, kioo cha pembeni
kikinionyesha nyumba tatu mahali pa moja,
silensa ikipanda, ikishuka, ikikata pumzi
kama mzee anayetafuta jina la mtu.
Kisha gia: ya kwanza hadi ya pili, teke la punda.
Ya pili hadi ya tatu, injini inapiga kelele na magurudumu hayana habari,
halafu dungu!
kahawa yangu yote mapajani.

Magonjwa mawili, nikasema. Mawili kwa dola mia tisa.

Nilianza na yale anayoanza nayo kila asiyejua:
plagi nane mpya. Waya zake. Kifuniko cha distributa.
Nikafungua kabureta juu ya gazeti, mezani jikoni,
nikaisugua kwa mswaki hadi shaba ikang'aa.
Pikapu labda ilinishukuru, lakini ilitetemeka vilevile.

Leland Severight akaja na kipande cha mpira wa kumwagilia bustani,
ncha moja sikioni, nyingine akaitembeza juu ya injini
taratibu, kama anayetafuta panya ukutani.
"Inavuta hewa mahali. Sikia. Sss."
Mimi nilisikia feni tu, na njaa yangu.
"Mafuta ya giaboksi je?"
Yanapungua. Nimeongeza lita mbili.
Chini hakuna hata tone, theluji ni nyeupe tupu.
"Na moshi?"
Mweupe pia, asubuhi.
Leland akacheka, akalala chali juu ya kadibodi,
duniani vikabaki viatu vyake tu.

Kuna kidude nyuma ya giaboksi, ukubwa wa kopo la dawa ya viatu,
ndani yake utando wa mpira, mwembamba kama ngozi ya ngoma.
Huisikiliza injini kupitia bomba jembamba
na kuiambia giaboksi: bado, bado, sasa.
Leland akachomoa mpira wa bomba.
Ukadondosha tone jekundu kiganjani mwake.
Utando ulikuwa umepasuka. Injini ilikuwa ikinywa mafuta ya mwenzake
na kuvuta hewa kwa jeraha lilo hilo.
Ugonjwa mmoja, kumbe.
Na juu kidogo ya bomba, utepe mweusi wa mafundi umeme,
mizunguko sita, ya mtu mwenye subira:
marehemu Metro alifika karibu. Inchi nne tu.

Dola thelathini na nne, na vidole vyangu vimechunika.

Jumapili nikampitia Olha baada ya kanisa.
Kwenye taa, pikapu ikasimama, ikatulia
kama maji ndooni.
Aliweka kiganja juu ya dashibodi. Akangoja.
"Haitetemeki," alisema.
Akanieleza jinsi Metro alivyoendesha kwa miguu miwili,
mmoja breki, mmoja ukiibembeleza mafuta, miaka kumi na mmoja,
na yeye hapa kando, chupa ya matango ya siki magotini,
ameikumbatia isivunjike.
"Haitetemeki kabisa," akarudia,
akinitazama kama niliyemwibia kitu.

Taa ikawa kijani. Ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu ilichelewa kidogo, kama neno lililokwama kooni.
Kuna skrubu humo ndani, ya kukazwa nusu mzunguko.
Sijaigusa.