Daftari la Tumbo

Jumatatu. Uji wa shayiri, bila maziwa.
Saa nne tumbo likaanza kunguruma
kama pikipiki ya theluji isiyotaka kuwaka.
Choo mara tano. Damu hakuna.
Ndivyo alivyoniagiza Nesi Drusilla:
"Andika, Effie. Daktari atataka tarehe."

Jumanne. Chai kavu, kipande cha mkate.
Choo mara saba, nikaacha kuhesabu,
nikahesabu vigae vya ukutani:
arubaini na viwili, kimoja kina ufa
tangu Garland akigonge kwa kiwiko
mwaka ule wa harusi ya Winnie.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua.
Mimi sikuyaficha.
Nimeyasema dukani, nimeyasema kanisani,
nimemwambia hata kijana anayeleta mafuta ya taa,
maskini, akawa mwekundu hadi masikioni.
Pwani yote ya Labrador inalijua tumbo langu.
Ninayemkosa ni wa kulitazama.

Daktari huja kwa ndege
Alhamisi ya kwanza ya mwezi,
Mungu akipenda na ukungu ukiridhia.
Septemba, ukungu.
Oktoba, upepo.
Novemba tuliisikia, jamani, tuliisikia
juu ya mawingu, ikizunguka mara mbili
kama inzi anayetafuta dirisha,
kisha sauti ikafifia kuelekea Goose Bay.
Nilikuwa nimefunga tangu usiku, nimevaa koti la Jumapili.
Nikarudi nyumbani, nikala nyama ya chumvi
kwa hasira, na kabichi juu yake.
Nililipa. Tazama ukurasa wa kumi na tisa.

Mtu hujifunza.
Maji ya mchele yana huruma.
Beri nyekundu hukuchekea mdomoni
zikakugeuka usiku wa manane.
Najua milango ya vyoo yenye komeo na isiyo nayo,
najua kiti cha kanisani kilicho karibu na mlango,
na wimbo upi ni mrefu wa kutosha
mtu kutoka na kurudi bila kuonekana.
Februari bomba likiganda, tuna ndoo.
Garland huibeba nje gizani
akipiga mluzi,
ili nidhani ameamka kwa shughuli zake.

Desemba ikatua.
Karatasi ikasainiwa: niende hospitali,
wapitishe kamera, waone kuna nini humo ndani.
Kiti kimoja.
Begi langu lilikuwa tayari kwenye theluji
walipomleta Silas wa akina Broomfield, miaka tisa,
mkono kwenye ubavu wa kulia,
amejikunja kama jani lililopitiwa na moto.
Hakuna aliyeniomba.
Walinitazama tu, kisha wakatazama viatu vyao.
Tumbo hulijua tumbo. Nikaondoa begi.

Msiniite mwema.
Nilitembea hadi nyumbani nikitukana
maneno ambayo mama alidhani siyajui.

Daktari alikuwa ameshalisoma daftari,
kurasa mbili, wima, glavu mkononi,
pangaboi la ndege likizipindua kurasa kabla yake.
"Umeandika vizuri sana," alisema.
Kana kwamba ni insha.
Kana kwamba nilitaka alama.
"Mwezi ujao, bi Effie."

Januari, dhoruba. Siandiki zaidi juu ya Januari.

Jumatatu. Uji. Maziwa kijiko kimoja, kujaribu.
Silas amerudi, ana kovu la urefu wa kidole,
anawaonyesha wenzake nyuma ya shule
kwa pipi moja kila anayetazama.
Aliponiona alilifunua bure.
Nikainama, nikalitazama vizuri,
polepole, kama mtu aliyesomea kazi hiyo.
"Linauma?" nikamuuliza.
"Nikicheka."

Ukungu umeshuka hadi kwenye kamba ya nguo.
Choo mara nne. Damu hakuna.
Daftari limejaa, nimenunua jingine,
la mistari mipana,
macho nayo yameanza.