Farasi wa Hokororo

Farasi mia na thelathini, anasema dalali Hokororo,
akiipiga boneti kofi kama anayesifia ng'ombe wa mahari.
Mimi farasi nimemwona kwenye kalenda tu,
ya duka la dawa, hapa hapa Masasi, mwaka ule.
Nikamwuliza: hao wako wanakimbia, au wanavuta?

Nandonde, mume wangu, alikwisha kuingia ndani.
Namsikia anafungua, anafunga. Sinki! Pazia!
Kitanda kikikunjwa ni meza, meza ikikunjuliwa ni kitanda.
"Njoo uone, hata taa ya kusomea ipo."
Anayesoma ni nani, Nandonde?
Sisi msimu mzima ni unga masikioni,
kijiji hadi kijiji, mashine ya kusaga nyuma kwenye tela,
tani moja na robo tatu bila mapipa ya dizeli,
na usiku tunalala pale jua linapotuachia.

Gari jeupe, la petroli, halina mkwaruzo.
Lilikuwa la mhandisi wa gesi kule Mtwara, anaapa,
akiendea ufukweni Jumapili.
Ufukweni ni tambarare, nikasema.
Newala je?

Mama yangu aliujua mlima ule kwa nyayo.
Kabla bomba halijafika alishuka bondeni usiku wa manane,
akapanda na ndoo kichwani
na mimi mgongoni.
Wasichana wenye mbio walimpita chini kule, wakicheka.
Kona ya tatu aliwakuta wamekaa.
Mama hakuwa na mbio. Alikuwa na hatua fupi
na pumzi inayotoka chini kabisa,
kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.
Alikuwa na farasi wangapi, sijui.
Ndicho ninachokitafuta chini ya boneti hii
na sikioni.

Nyuma ya yadi, chini ya mkorosho,
Canter ya dizeli, milango miwili, rangi mbili,
bodi la mbao na bati, harufu ya vitunguu vya mwaka jana.
Nikaiwasha. Ikakohoa,
ikatulia, ikitetemeka polepole kama inayofikiri.
Fungeni tela langu, nikasema.
"Mama, tuijaribu hapa karibu, njia ya Mtandi."
Mtandi nitakwenda kusali. Fungeni tela.

Nandonde hakuamini.
Aliokota jiwe la kijivu, ukubwa wa kichwa cha mbuzi,
akalipakata njia nzima.
Mlima ulipoanza akateremka,
akatembea ubavuni mwa tela,
jiwe mikononi, tayari kulitupia chini ya tairi.
Hokororo kando yangu aliacha kuhesabu farasi,
akaanza kuhesabu kona.
Gia ya pili.
Ya kwanza.
Sindano ya joto ikapanda, ikasita, ikakaa.
Kwenye kioo namwona mume wangu, moshi usoni,
analiambia gari maneno
ambayo mimi hajaniambia tangu harusi.

Kona ya tatu sikusimama.
Nilitupa jicho ukingoni tu,
pale walipokuwa wamekaa.

Juu, upepo. Hokororo akafuta shingo,
akasema, umeona? Bei ni ile ile.
Nikamwambia bei tutaijua tukishuka.
Tukashuka kwa gia ile ile tuliyopandia,
na hata hivyo breki zilinuka.
Nikapunguza laki sita.

Kitanda tulipigilia wenyewe, mbao na magunia ya korosho.
Sinki hakuna, beseni lipo.
Pazia nimeshona, kwa kuwa Nandonde alinuna wiki nzima.
Na jiwe lake hakulitupa.
Kila jioni hulishusha mlangoni, likawa ngazi yetu,
asubuhi hulipakia.
Kilo kumi na mbili. Nililipima kwenye mizani ya unga,
nikaziandika daftarini
pamoja na uzito wa tela.