Robo Mzunguko

Ambokile kaileta imefungwa kwenye kanga ya mama yake:
ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine,
ndege ya ghorofa, nyepesi kama maganda ya karanga.
"Shangazi, inapanda mno. Halafu inajuta."

Mimi ni fundi cherehani. Mwanjelwa wananijua
kwa skrubu ndogo ya mvuto wa uzi,
ile ambayo mteja akiigusa mwenyewe
anarudi na mashine ndani ya wiki, macho chini.
Ndege sijui.
Lakini kitu kinachovutwa kwa waya kikagoma,
hicho nakijua.

Nikaiweka mezani, kati ya bobini na kopo la mafuta.
Nikagusa kijiti cha rimoti. Nywii! Sevo ikaitika,
mkia ukaruka kama mtu aliyekanyagwa.
Kumbe ndiyo kasoro: inatii kupita kiasi.
Umeinong'oneza, yenyewe imesikia kelele.

Tukauhamisha waya, tundu moja ndani kwenye mkono wa sevo,
tundu moja nje kwenye pembe ya usukani.
Waya wenyewe ulikuwa umepinda; tukautupa,
tukakata spoku ya baiskeli ya Mwalimu Mwasomola
(haijatembea tangu masika ya mwaka juzi,
wala hatukumwuliza).
Pembe iliyovunjika tukaichonga upya
kutoka mfuniko wa ndoo ya rangi.

Pua nayo ilikuwa nyepesi. Niliiinua
kwa ncha za vidole chini ya bawa la juu,
mkia ukaanguka.
Sarafu ya mia, gundi, subiri.
Bado.
Ya hamsini juu yake.
Ikatulia, mgongo umenyooka,
kama mwanakwaya kabla ya noti ya kwanza.
Mia na hamsini haikufikishi popote siku hizi;
kwa pua ya ndege, imetosha.

Jumamosi, Uyole. Viazi vimevunwa,
baridi ya Julai inatafuna masikio.
Hewa ya huku juu ni nyembamba,
pangaboi linaikata bila kushiba,
ndiyo maana tulifunga kubwa kuliko la kwanza.
Ikakimbia kwenye njia ya trekta, ikainuka,
ikaanza kuvuta kushoto.
"Trimu," nikasema, kama niliyezaliwa na neno hilo.
Tiki moja kulia. Tiki ya pili.
Ikanyooka juu ya mikaratusi, ndogo, nyekundu,
sauti yake kama cherehani ya jirani usiku.

Kisha ikageuka kurudi kwetu,
na hapo kijana akapotea.
Ndege ikikupa mgongo, kulia ni kulia.
Ikikupa uso, kulia kwako ni kushoto kwake,
na hilo halina skrubu,
halina tundu la ndani wala la nje.
"Sukuma upande wa bawa linalozama!
Kama unaliwekea gogo!"

Baba yake huja kutoka Tunduma mara moja kwa mwezi,
na lori, na maneno matatu.
Wakikaa sebuleni namsikia kijana
akisukuma upande usio wake.
Sikulisema hilo. Upepo ulikuwa umeanza,
na betri ilikuwa imebaki kidogo.

Akasukuma. Bawa likainuka.

Ilitua vibaya: tuta la kwanza ikaliruka,
la pili ikalikalia,
gurudumu moja likaenda zake.
Tulilitafuta hadi giza, tukaambulia viazi vitatu
vilivyosahauliwa na wavunaji. Tukavichoma,
tukala na majivu yake, Ambokile akiongea
mfululizo, mdomo umejaa,
jinsi bado inavuta kushoto kidogo.
Robo mzunguko, nikamwambia. Si nusu.

Gurudumu halijaonekana mpaka leo.
Nimetenga bobini moja tupu.
Itazunguka.