Matokeo: Sifuri

Saa sita mchana, Tromsø, na jua halijachomoza;
halitachomoza wiki hii wala ijayo.
Maktabani taa zinawaka tangu jana.
Nimepewa meza, saa ya kuhesabia sekunde,
na fomu yenye safu nne:
jina, umri, muda, amefaulu au la.
Kazi yao ni moja, yangu ni kunyamaza.
Tafuta katika katalogi kitabu cha uyoga wa misituni,
kisha useme kiko rafu gani.

Wa kwanza Vebjørn, mwanafunzi wa sheria.
Sekunde kumi na tisa.
Hata koti hakulivua.

Wa pili Torbjørg, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na sita;
mkono wake wa kulia siku hizi haumsikii.
Menyu inafunguka kipanya kikipita juu yake,
inajifunga kikiteleza nje.
Inafunguka. Inajifunga. Inafunguka,
kama mtoto anayemchungulia mgeni mlangoni amcheke.
Torbjørg ananitazama. Mimi naitazama saa.
Anaacha kipanya, anaanza kudonoa herufi.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
ila leo ndicho kinachomtii.
Dakika ya sita anaiambia mashine, kwa sauti ya chini:
samahani.

Fomu yangu haina safu ya samahani.

Halvdan, fundi wa piano, amekuja na fimbo yake nyeupe.
Ananikopesha upande mmoja wa spika za masikioni
nisikie anachosikia:
kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Kiungo. Kitufe.
Vitufe kumi na kimoja, hakuna chenye jina.
"Piano iliyong'olewa nyuzi," anasema.
"Nabonyeza, kitu kinagonga ndani, sauti sipati."
Mwenye macho haambiwi tazama;
asiye nayo, basi, aambiwe kitufe?

Kisha Sondre, wa miaka tisa, amekalia magoti ili aifikie meza.
Anaandika neno kama sikio lake lilivyompa,
na sikio limemnyima p moja. Moja tu.
Matokeo: 0.
Anakitazama kile kiduara kitupu.
Duka la viatu lingemuuliza, kwa adabu zote:
je, ulimaanisha hivi?
Dukani wanataka pesa yake.
Sondre anashuka kitini, anamnong'oneza mama yake:
"Hapa hawana uyoga."
Nami nimeagizwa nisiseme kitu, sikusema kitu.

Máret Inga, wa Guovdageaidnu, aliupata uyoga upesi,
akaomba atafute na cha kwake:
kijitabu cha mikanda ya kusuka, alichokiandika baba.
Akaandika jina la baba lilivyo, na alama zake zote.
Sifuri.
Akazivua alama moja moja,
kama mtu anayevuliwa vitu mlangoni pa uwanja wa ndege.
Likaja.
"Ndiye," nikasema, nikiwa nimesahau agizo.
"Siye," akasema. "Huyu ni jirani aliyevaa koti la baba."
Hata hivyo akaandika namba ya rafu
kwenye kiganja, kwa kalamu yangu.

Jioni nikajumlisha, ingawa jioni na asubuhi huku
mwezi huu hazitofautiani.
Wastani: dakika tatu na sekunde kadhaa.
Katika wastani Vebjørn amemkopesha Torbjørg mkono mzima,
na Halvdan anaona kidogo.
Hakuna aliyetumia dakika tatu.
Msimamizi atapenda. Ni namba nzuri, inaingia kwenye jedwali
bila kugusa kuta.

Nilizima taa ya meza, nikavaa glavu,
nikavua moja.
Kitabu cha uyoga kilikuwa rafu ya chini, karibu na dirisha,
jalada jekundu lenye madoa meupe,
hatua saba kutoka kiti alichoketi Sondre.

Nilizihesabu mara mbili.