Bibi wa Ghorofa ya Nne

Eilidh, hunijui. Mimi hufanya zamu ya usiku
katika nyumba ya wazee pale juu Hilltown,
na saa tisa, vitanda vikishatulia,
hufungua mchezo wako kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Mchezo mdogo. Wa kuenea kiganjani.
Ngazi, milango sita, taa moja inayopepesa,
na mtu wetu hana uso wala upanga.
Hakuna wa kuua. Hakuna sarafu za kuokota.
Unapanda, unabisha hodi, unaitikiwa au huitikiwi.

Mara ya kwanza nilikereka, sikufichi.
Kitufe cha kurukia umekiweka, cha kuruka hakuna.
Nyayo zinalia kama mtu anayetafuna biskuti.
Ghorofa ya pili ukuta haushiki: nilipenya, nikaanguka
katika weusi usio na chini, nikabaki naanguka
mpaka kengele ya Bwana Geddes iliponiita nimpeleke msalani.

Lakini ghorofa ya nne.
Ghorofa ya nne mlango unafunguka vidole vitatu
na bibi mwenye sweta ya kijani anasema,
"Nilitaka kukwambia kwamba

Basi. Hata nukta hakuna. Mlango unafungwa.
Urudi mara kumi, bibi ni huyo, neno ni hilo.

Tumegombana juu ya bibi huyo, usipime.
Szymon wa jikoni asema ni uvivu wa mtunzi,
hadithi isiyoisha ni suruali ya mguu mmoja.
Catriona asema la, ni ufundi, ni mtego,
jibu limefichwa nyuma ya ile saa ya ukutani,
na ameibonyeza saa hiyo mara mia nne na kumi.
Temitope, aliyezoea michezo mikubwa
yenye farasi watokao jasho na majoka ya kila rangi,
aliumaliza ndani ya basi, dakika ishirini,
akauliza: ndiyo hii tu?
Kisha akashuka kituo kimoja kabla ya chake, akatembea.
Kwa nini, hakusema, nami sikumwuliza.

Mimi nilinyamaza. Nina bibi wangu wa ghorofa ya nne.
Simu kutoka Pangani, mwaka juzi, mwezi wa Machi.
Mama akasema, "Sasa sikiliza, nilitaka"
mtandao ukakata. Nikapiga. Nikapiga.
Asubuhi akapokea kaka yangu Shekue,
na sauti yake ilikuwa imeshavaa kanzu.

Ndipo nikakukuta Jumamosi ile ukumbini,
kwenye maonyesho ya watunzi wadogo wa Dundee,
meza yako karibu na choo, unga wa kazini bado kwenye kucha.
Nikapanga foleni nyuma ya watoto wawili. Nikauliza.
Ukaona haya hadi masikioni.
"Ah, yule. Nilisahau kummalizia. Nilichoka,
nikalala juu ya kibodi. Nitarekebisha Jumanne."

Nilicheka. Ningefanyaje?
Szymon kashinda, na mimi ndiye tarishi wa ushindi wake.

Jumanne ukarekebisha, ahadi ni deni.
Ukuta wa ghorofa ya pili sasa unashika, ahsante.
Nyayo bado zinatafuna biskuti, tafadhali usiziguse.
Na bibi anamaliza:
"Nilitaka kukwambia kwamba mvua imekatika."
Sentensi safi. Catriona alilia. Mimi nilitazama dirishani,
mto Tay hauonekani kwa ukungu, na mvua ile ile.

Maoni yangu basi, kwa kuwa uliyaomba:
picha, nzuri. Muziki, punguza filimbi.
Bei pauni mbili, ungeomba tatu tungetoa.
Hadithi, hapo ndipo ulimi unaponiwia mzito.
Mwenye kusema ni wewe, na umesema.

Ila simu hii kuukuu nimeizuia isijisasishe.
Saa tisa, vitanda vikishatulia, napanda,
nabisha hodi, mlango unafunguka vidole vitatu,
namsikiliza bibi mpaka pale anapokatikia,
kisha nashuka ngazi, polepole,
natafuna biskuti.