Sehemu ya Tisa

Makorora hawanijui kwa jina la Kibwana.
Wananijua kwa sauti. Nikiomba chumvi dukani
mtu hugeuka: "Wewe si ndiye yule nahodha?"
Ndiye. Na ndiye adui yake, na mke wa adui,
na mashine ya melini inayohesabu kwenda sifuri.
Wote wamepanga kooni mwangu, hawalipi kodi.

Safina ya Mbali, msimu wa pili. Mia tano mlangoni,
watoto mia mbili, na wakali wa Barabara ya Kumi na Sita
huingia bure, maana nani atawadai.
Sehemu ya nane iliishia pabaya:
meli imeanguka, mwanamke mmoja kabaki hai,
na kile kiumbe kimemsimamia, kina magoti manne.
Wiki nzima Mgandini sokoni hapakuwa na habari nyingine.
Muuza dagaa alisema kitamla.
Fundi cherehani aliapa kitamuoa.

Alhamisi banda likafurika hadi dirishani.
Nikachomeka flashi, nikameza maji,
nikasogeza kipaza sauti,
na wale wawili wakatazamana,
wakatazamana,
na hakuna aliyesema kitu.

Kumbe mashine yao ya kutafsiri ilivunjika katika ajali.
Dakika arobaini na nne bila neno.
Mnielewe: mimi nalipwa kwa maneno.

Basi nikayatia. Kiumbe nikakipa Kidigo cha mpakani,
kikauliza bei ya unga, kikaulaani umeme,
kikasema, "Tanga yenu hii, waja leo waondoka leo,
mbona mimi nimeanguka juzi na siondoki?"
Watu wakacheka hadi benchi la nyuma likakatika.
Mwanamke nikampa maringo ya Chumbageni.
Kisha kiumbe kikanyoosha kitu kama mkono,
kikakiweka shingoni mwake, pale mshipa unapodunda,
na kwa mkono wa pili kikaanza kugonga mchanga
kwa mwendo uleule.
Tu. Tu. Tu.
Nilifungua mdomo. Sikuwa na cha kutia.

"Sema!" "Kibwana umelala?" "Rudisha hela!"
Kandambili ikapiga skrini.
Shemhilu mwenye banda akazima, akawasha,
akanitukana kwa Kisambaa, ambacho huwa anakiweka akiba.

Kesho yake, kwa kinyozi, hukumu ikatoka:
wameishiwa pesa za kuwalipa waigizaji.
Mmoja akasema yule ni jini, na kwao anafahamika.
Fundi cherehani alishikilia kuwa ndoa ilifungwa palepale,
ila sisi hatuna macho.

Lakini siku ile mstari wa mbele alikuwapo Mwanjaa,
binti wa muuza mihogo, kiziwi tangu alipougua surua.
Huja kila wiki, hulipa, na sikuwahi kujiuliza anapata nini.
Alicheka pahali ambapo sikuweka kichekesho.
Akalia kabla sisi hatujajua kuna msiba.

Jumamosi akaja na wenzake saba.
Mia tano, mia tano, sarafu zimepangwa mnara.
Akaonyesha vidole tisa.
Nikaweka. Kwa mazoea mkono wangu ukaenda kwenye kipaza sauti;
akakichukua, taratibu,
kama mtu anayempokonya mtoto kisu,
akakilaza juu ya spika.

Nikaiona sehemu ya tisa kwa mara ya kwanza.

Ilipokwisha hawakutoka. Walibishana.
Mikono inapaa, inakatizana,
mmoja kapiga meza, mwingine kasusa, kawapa mgongo,
kavutwa shati arudi.
Walikuwa na hoja kumi juu ya lile goti la nne,
au juu ya mchanga,
au juu yangu.

Nikamgusa Mwanjaa bega. "Wanasemaje?"
Alinitazama mdomo. Akawatazama wenzake.
Akafanya ishara moja, fupi,
wote wakacheka.