Nukta Nane

Baba alipiga simu Jumapili, Viljandi imezama kwenye theluji,
akasema nyuki wamepotea.
Nikashtuka. Nyuki, Februari?
Nyuki wa picha, akasema. Folda nzima.
Jana ilikuwepo, leo hapo pana hewa.

Hazikupotea. Nilizikuta kesho yake,
folda ndani ya folda ndani ya bili za umeme,
zimeburutwa huko na mkono
ambao siku hizi haugusi kitu
bila kukisogeza.
Mkono huo ulikuwa ukichomoa masega mzingani bila glavu.
Sasa unashika kijiko, na supu inarudi sahanini.

Nikarejea Tartu kwa basi la jioni, nikafungua msimbo.
Ni mali ya wote, huo msimbo. Hauna mlango wala bawabu,
una vumbi tu la waliopita:
maneno ya mwaka elfu mbili na tisa yasemayo
nitarekebisha wiki ijayo,
na saini ya mtu ambaye hakuonekana tena.
Nilichimba siku tatu. Ya nne nikaikuta,
namba 8, imekaa peke yake.
Kipanya kikisogea nukta nane huku kidole kimebonyeza,
mashine huamua: huyu anaburuta.
Nani alipima? Kwa mkono wa nani?
Wa kijana, nadhani, aliyelala vizuri.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuseme.
Lakini huu ufa ni mwembamba
kuliko unywele wa mguu wa nyuki,
na mwenye nyumba hajui kama ana nyumba.

Nikashona kiraka. Mistari kumi na mmoja,
na kitelezi kidogo cha kuvuta kushoto, kulia.
Nikakiita Subira,
kisha nikaona haya, nikakiita Umbali wa Kuburuta.
Nikakituma.

Ubiratã alijibu kutoka Curitiba, kwao joto:
Jaribio liko wapi?
Nikaandika jaribio.
Na kwenye skrini zenye nukta ndogondogo, nane hiyo ni nane ya nini?
Nilikosa usingizi,
kwa kuwa lilikuwa swali zuri.
Mstari wa sita una nafasi mbili za ziada.
Nikazifuta. Nilimchukia siku nzima kwa nafasi mbili.

Machi ikayeyuka. Mto Emajõgi ukapanda, ukashuka.
Mwingine, simjui, akaandika kwamba kitelezi kingine ni mzigo,
nyumba yetu ni safi, tusiijaze vikorokoro.
Nilitaka kumkabidhi baba kipanya, amjibu mwenyewe.
Niliandika: Nina mtu mmoja. Anaitwa Endel. Ana mizinga kumi na minne.
Nikafuta.
Nikaandika: Nimekuelewa. Tazama toleo la tano.

Agosti, Ubiratã: Imeingia. Ahsante.
Na chini yake, saa nzima baadaye:
mama yangu pia.
Niliutazama mstari huo
mpaka skrini ikajizima.

Kwa baba ilifika Oktoba, usiku, amelala,
kama maji yanavyorudi bombani.
Nilivuta kitelezi hadi thelathini, nikamwambia jaribu.
Akabonyeza. Mkono ukacheza ngoma yake.
Folda ikatulia pale pale.
Akafungua picha ya kwanza, ya pili,
malkia mwenye doa la bluu mgongoni,
akanisimulia alivyomkamata juu ya mti wa jirani,
simulizi ninayoijua hadi pale anapokohoa.
Hakuona lolote limebadilika.

Ila alipomaliza, alinyoosha kidole kule juu, pembeni,
kikitetemeka, kikilenga:
Mbona saa wameiandika kwa namba ndogo hivi?
Hebu waambie.

Waambie.
Nikatoa daftari mfukoni,
nikaandika: saa.